Mwanangu ameitwa shule inayounganisha sekondari na chuo: je, akimaliza atakuwa mhandisi?

SWALI: Sisi ni watu wa Fizi, Congo, tuliishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi kabla ya kuletwa Greensboro, North Carolina. Kijana wangu yuko darasa la nane na hesabu anaiweza sana. Mshauri wa shule amemtuma nyumbani na karatasi ya shule ambayo huku wanaiita Early College, inayoandaa wahandisi. Imeandikwa kwamba atasoma sekondari na chuo kwa pamoja, hatulipi karo, na anaweza kumaliza akiwa na krediti 60 za chuo, yaani vipimo vya kuhesabia masomo yaliyomalizwa. Baba yake anasema Marekani hakuna cha bure, na anaogopa mtoto atakosa sekondari ya kawaida kama wenzake. Mimi nauliza: ni kweli haya? Akimaliza hapo ni mhandisi? Na Kiingereza chake bado hakijakaa sawa, ataweza?

JIBU: Mama, nimesoma swali lako zaidi ya mara moja kwa sababu ndani yake mna maswali manne, na moja ambalo hukuliuliza ndilo litakaloamua mengine yote. Nitalifikia. Kwanza nimtulize baba.

Ni kweli hamtalipa karo. Lakini baba hakukosea kabisa, kwa maana kuna anayelipa, naye ni jimbo. North Carolina ilipitisha sheria mwaka 2003 ya kuanzisha shule ndogo za sekondari zinazoendeshwa kwa ubia kati ya wilaya ya elimu na chuo. Shule hizi ni za serikali kama ile anayosoma sasa, ila nyingi zimejengwa au zimepewa majengo ndani ya eneo la chuo chenyewe. Sheria inaziwekea kikomo cha wanafunzi 100 kwa kila ngazi ya darasa, ndiyo maana nafasi hugombewa. Na sheria hiyo hiyo inataja watoto waliokusudiwa: wale ambao wazazi wao hawakusoma chuo, wale walio katika hatari ya kuacha shule, na wale wanaoweza kwenda kasi kuliko darasa la kawaida. Kwa hiyo msidhani mmepenyezwa mahali pa watu wengine. Mtoto wa mkimbizi aliyesoma chini ya turubai na leo anaongoza darasa kwa hesabu ni mmoja wa watoto ambao shule hizi ziliwekwa kwa ajili yao.

Wazo lenyewe si la juzi. Mwaka 1974 chuo cha jamii (yaani chuo cha umma cha miaka miwili) cha LaGuardia, mjini New York, kilifungua sekondari ndani ya majengo yake kwa vijana waliokuwa wakielekea kuacha masomo. Walioianzisha waliona kwamba kijana aliyechoshwa na shule hubadilika akizungukwa na watu wazima wanaosoma kwa hiari yao. Kuanzia 2002 fedha za wakfu wa Bill na Melinda Gates zikasambaza mtindo huo nchi nzima, na North Carolina ikawa miongoni mwa majimbo yaliyoukumbatia kwa nguvu kuliko mengine.

Je, shule hizi hufanya kazi? Hapa tuna ushahidi mzuri kuliko ilivyo kawaida katika mambo ya elimu. Kwa kuwa waombaji ni wengi kuliko nafasi, baadhi ya shule huchagua kwa bahati nasibu, na watafiti wakapata nafasi ya kuwalinganisha waliochaguliwa na waliokosa, watoto wa aina moja kabisa waliotenganishwa na bahati tu. Utafiti wa taasisi ya American Institutes for Research uliotolewa mwaka 2013 ulikuta asilimia 86 ya waliochaguliwa walimaliza sekondari, dhidi ya asilimia 81 ya waliokosa. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye digrii: kufikia mwisho wa utafiti, asilimia 22 ya waliochaguliwa walikuwa na digrii ya chuo mkononi, na upande wa pili asilimia 2 tu. Nyingi ya digrii hizo zilikuwa za miaka miwili. Na zilikuwa digrii za aina yoyote, si za uhandisi. Shikilia neno hilo, kwa sababu ndipo lilipo jibu la swali lako la pili.

Akimaliza hapo, mama, hatakuwa mhandisi. Hakuna shule ya sekondari Marekani inayotoa mhandisi, iwe imeandika nini kwenye karatasi yake. Mhandisi huku ni mtu aliyemaliza digrii ya miaka minne ya uhandisi katika programu iliyopewa ithibati na ABET, chombo kinachokagua programu za uhandisi nchini. Akitaka leseni ya kuweka muhuri kwenye michoro ya madaraja na majengo, hufanya mtihani wa misingi anapomaliza chuo, kisha hufanya kazi chini ya wahandisi wenye leseni, kwa kawaida miaka minne, na hufanya mtihani wa pili. Nakutajia safari yote hii ili ujue shule ile inashika kipande gani. Inashika mwanzo, na mwanzo wa uhandisi ni hesabu.

Hapo ndipo lilipo swali ambalo hukuliuliza: katika kila muhula wa miaka yake pale, mwanao atakuwa kwenye somo gani la hesabu?

Acha nieleze kwa njia ambayo wewe na baba mtaiona mara moja. Kule Congo, kijana aliyeingia sehemu ya math-physique, yaani hesabu na fizikia, alikuwa amepangiwa njia. Masomo yalikuja kwa mpangilio, na hakuna aliyemuuliza kama anataka fizikia mwaka huu au mwaka ujao. Tanzania ni vivyo hivyo kwa kijana wa kidato cha tano anayesoma PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu. Marekani haiko hivyo. Mwanafunzi huletewa orodha ndefu ya masomo na kuambiwa achague. Atapita bila kizuizi akichagua historia ya muziki, saikolojia, utangulizi wa biashara na mawasiliano ya umma. Kila somo litampa krediti 3. Kila mwisho wa muhula mtafurahi nyumbani kwa sababu krediti zinaongezeka. Na siku atakayofika chuo kikuu na krediti 60 akiomba kusoma uhandisi wa mitambo, ataambiwa aanze na kalkulasi (hesabu ya mabadiliko) ya kwanza, pamoja na kijana aliyetoka sekondari ya kawaida bila krediti hata moja.

Hilo hutokea, na hutokea kwa watoto wenye bidii. Hakuna aliyewadanganya. Walihesabu krediti badala ya kuhesabu hatua.

Digrii ya uhandisi huwa na krediti zipatazo 120 hadi 130. Masomo ya jumla, yaani Kiingereza, historia, sanaa na elimu ya jamii, huchukua sehemu ndogo tu ya hizo. Nyingine zote ni hesabu, fizikia, kemia na uhandisi wenyewe, na hizo zimefungamana: hili haliingiliki kabla ya lile. Huwezi kusoma statiki, elimu ya kani kwenye vitu vilivyotulia, kabla ya fizikia ya mekanika. Fizikia hiyo nayo inadai uwe umeshafika kwenye kalkulasi. Baada ya statiki ndipo inakuja nguvu za vifaa, kisha usanifu, na masomo ya miaka ya mwisho mara nyingi hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Ukikosa muhula mmoja unaweza kusubiri mwaka mzima. Kwa hiyo kijana mwenye krediti 60 za masomo ya jumla bado anaweza kukaa chuo kikuu miaka minne kamili, na kijana mwenye krediti 45 zilizopangwa vizuri akamaliza kwa mitatu.

Sasa tuihesabu njia yenyewe, kwa kutumia majina mtakayoyakuta kwenye ratiba za North Carolina. Sekondari kuna Math 1, Math 2 na Math 3. Kisha zinakuja za chuo cha jamii: MAT 171 ambayo ni aljebra ya kuandaa kalkulasi, MAT 172 ambayo ni trigonometria, halafu kalkulasi tatu, MAT 271, 272 na 273, na mwisho milinganyo diferensia, MAT 285. Jumla ni hatua tisa. Akimaliza Math 1 akiwa bado darasa la nane, zinabaki nane, na kutoka darasa la tisa hadi la kumi na mbili kuna mihula minane. Ikiwa shule inafundisha kila somo la hesabu kwa muhula mmoja, hatua zinaingia kwenye mihula bila kubaki hata moja. Akianza Math 1 darasa la tisa, ataishia kalkulasi ya tatu, na hapo pia ni pazuri mno. Shule nyingine zina mwaka wa tano, na huo unaweza kubeba hatua iliyobaki pamoja na fizikia ya pili.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa, kabla hata ya kujaza fomu: mwanao yuko Math 1 sasa hivi, au yuko hesabu ya kawaida ya darasa la nane? Muulize leo jioni. Kama hayupo Math 1 na kweli anaiweza hesabu, mwone mwalimu wake muulize ni kwa nini. Mtoto aliyefika nchi hii na Kiingereza kichanga mara nyingi huwekwa kwenye hesabu ya chini kwa sababu ya lugha, na kosa hilo huenda naye hadi chuo.

Nisieleweke vibaya. Sisemi mtoto akimbizwe. Nimewaona vijana wa miaka 15 waliosukumwa kwenye kalkulasi na aljebra yao bado inayumba. Wanapita kwa C, wazazi wanashangilia, halafu kalkulasi ya pili inawaangusha, kwa sababu asilimia kubwa ya makosa ya kalkulasi si ya kalkulasi, ni ya sehemu, vipeo na trigonometria. Bora afike MAT 271 darasa la kumi na moja akiwa amesimama imara kuliko afike darasa la kumi akibabaisha. Ninachokataa ni muhula mtupu. Kijana anayetaka uhandisi asipitishe muhula hata mmoja bila somo la hesabu. Nusu mwaka bila kugusa hesabu inatosha kulainisha kila alichokijenga, na ratiba za shule hizi huruhusu nusu mwaka kama hiyo bila mtu kusema neno.

Jambo la pili la kuangalia ni aina ya njia, maana neno uhandisi kwenye karatasi linaweza kubeba vitu viwili tofauti. Mfano unaojulikana sana ni P-TECH, sekondari iliyofunguliwa Brooklyn, New York, mwaka 2011 kwa ubia wa jiji, chuo kikuu cha CUNY na kampuni ya IBM. Inachukua vijana kuanzia darasa la tisa kwa hadi miaka sita, na wanatoka na diploma ya sekondari pamoja na digrii ya miaka miwili, ama ya teknolojia ya mifumo ya kompyuta au ya teknolojia ya uhandisi wa umeme na mitambo. Rais Obama aliitembelea Oktoba 2013, na baada ya hapo mtindo wake ukanakiliwa kwenye majimbo mengine. Ni shule nzuri. Lakini tazama maneno: teknolojia ya uhandisi. Hiyo humwandaa mtu ambaye kwetu Tanzania huitwa fundi sanifu, anayepima, anayefunga, anayerekebisha mitambo na kuendesha majaribio. Ni kazi ya heshima yenye mshahara mzuri, na kijana anayependa kushika vifaa kuliko kukaa na milinganyo anaweza kuwa na furaha zaidi huko. Hata hivyo, hesabu yake ni nyepesi, na masomo yake mengi hayahesabiwi anapohamia digrii kamili ya uhandisi.

North Carolina nayo ina njia zote mbili kwenye vyuo vyake vya jamii. Kuna digrii za sayansi tumizi, ambazo humpeleka mtu kazini moja kwa moja. Na kuna digrii ya miaka miwili inayoitwa Associate in Engineering, iliyotengenezwa mahususi kwa anayetaka kuendelea. Ndani yake mna kalkulasi zote tatu, fizikia mbili zinazotumia kalkulasi, kemia, na utangulizi wa uhandisi. Vyuo vikuu vya umma vitano vya jimbo vinavyofundisha uhandisi, yaani NC State, NC A&T, UNC Charlotte, East Carolina na Western Carolina, vimekubaliana kwa maandishi jinsi ya kuipokea, kwa sharti la alama ya C au zaidi. Makubaliano hayo hayamhakikishii mtu nafasi ya kuingia uhandisi, kwa sababu kila chuo kina ushindani wake, ila yanamhakikishia kwamba alichosoma hakitatupwa. Mtu wa shule akikwambia mwanao atatoka na digrii ya miaka miwili, muulize jina lake kamili na uliandike.

Hukutaja jina la shule. Kama ni ile ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu) iliyo ndani ya eneo la NC A&T, iliyofunguliwa mwaka 2012, hapo mwenyeji ni chuo kikuu chenyewe, si chuo cha jamii. Tofauti ni kwamba krediti za chuo zinatolewa na chuo kikuu moja kwa moja, na majina ya masomo hayatakuwa hayo ya MAT niliyokutajia, ingawa ngazi ni zilezile. Nakwambia kwa moyo wote, mama, kijana wa Kiafrika mwenye ndoto ya uhandisi kuamkia A&T kila asubuhi si jambo dogo. Chuo hicho kilianzishwa 1891 kwa ajili ya watu weusi waliokuwa wamefungiwa milango mingine, na leo ndicho kikubwa kuliko vyote vya aina yake nchini, kikiwa mstari wa mbele katika kutoa wahandisi weusi. Vijana wanne weusi waliokaa kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth, iliyohudumia wazungu tu, mjini kwenu tarehe 1 Februari 1960 na kugoma kuondoka walikuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa hapo. Jengo la chuo cha uhandisi limepewa jina la Ronald McNair, mwanafizikia na mwanaanga aliyehitimu A&T mwaka 1971 na kufa katika ajali ya chombo cha anga cha Challenger mwaka 1986. Mtoto anayepita chini ya jina hilo akiwa na miaka 14 hahitaji hotuba ya kumwambia kwamba watu kama yeye wanaweza fizikia.

Raleigh nako kuna shule ya namna hiyo kwa ubia na NC State, iliyoanza 2011, ambayo mafundisho yake yamejengwa juu ya changamoto 14 kubwa za uhandisi zilizotangazwa na akademia ya taifa ya uhandisi mwaka 2008: kupatikana kwa maji safi, nishati ya jua kwa bei nafuu, na nyinginezo. Naitaja kwa sababu inaonyesha kitu ambacho krediti hazionyeshi. Mtoto anajifunza kwa nini hesabu inahitajika. Mwanao amebeba maji Nyarugusu. Akiulizwa darasani namna ya kusambaza maji safi kwa watu wengi wenye mabomba machache, ana la kusema ambalo wenzake hawana.

Sasa hatari moja ambayo karatasi haitaiandika. Alama za chuo hazifutiki. Somo la chuo atakalolifeli akiwa na miaka 15 litabaki kwenye rekodi yake ya chuo atakapokuwa na 25. Akija kuendelea na chuo kilekile na kuomba msaada wa fedha wa serikali kuu, chuo kitaangalia masomo yote aliyoandikishwa, aliyoyafaulu, aliyoyafeli na aliyoyaacha katikati, ili kuona kama anakwenda kwa mwendo unaokubalika, na kuna kikomo cha mara moja na nusu ya urefu wa programu. Ndiyo maana siwashauri wazazi washinikize masomo manne ya chuo kwa muhula wakati mtoto bado anajifunza kukaa darasani na watu wazima. Mwaka wa kwanza, somo moja au mawili mepesi kiasi, ajue profesa hafuatilii mtu. Baadaye aongeze.

Na mjue hili nyinyi wazazi: chuo hakitawapigia simu. Kwa sheria ya shirikisho ya faragha, rekodi za chuo ni za mwanafunzi mwenyewe hata kama hajafika miaka 18. Sekondari inaweza kuendelea kuwapa taarifa zake, lakini profesa wa kemia hatawatafuta kusema kijana hajakabidhi kazi. Wekeaneni utaratibu wa nyumbani, kila Ijumaa afungue kompyuta mbele yenu awaonyeshe alama zake za wiki. Msione aibu kwa kuwa hamjui kemia. Namba mnaisoma.

Kuhusu Kiingereza, sina wasiwasi mkubwa kwenye hesabu na fizikia, nina wasiwasi kwenye maabara na kwenye masomo mawili ya uandishi ambayo kila chuo hudai. Ripoti ya maabara ni lugha. Shule hii ni ya serikali, kwa hiyo haki yake ya kupewa msaada wa Kiingereza kama mwanafunzi anayejifunza lugha haiishii mlangoni, inamfuata hadi atakapofaulu kutoka kwenye mpango huo. Ila ndani ya darasa la chuo msaada ule haumfuati kwa namna ileile. Nashauri masomo ya chuo ya uandishi yasubiri hadi darasa la kumi na moja, na wakati huohuo hesabu iendelee mbele bila kungoja lugha. Na mkialikwa kwenye mkutano wa wazazi, ombeni mkalimani wa Kiswahili siku kadhaa kabla, kwa simu au kwa maandishi. Mtoto asiwe mkalimani wa maamuzi yake mwenyewe.

Hofu ya baba kuhusu kukosa sekondari ya kawaida ina ukweli. Shule hizi kwa kawaida hazina timu za mpira wala bendi, na jengo ni dogo, sura ni zilezile. Baadhi ya wilaya humruhusu mtoto kucheza kwenye sekondari ya mtaa wake, muulizieni. Usafiri nao unaweza kuwa wa basi linalomchukua kituoni badala ya mlangoni, na kalenda ya chuo haifanani na ya wadogo zake. Kama kijana anaishi kwa ajili ya mpira, msimlazimishe. Mtoto aliyepelekwa kwa nguvu huchoka mapema, na kwenye rekodi ya chuo uchovu huo huandikwa.

Kuna swali moja watu huniuliza ambalo nalijibu hapa kabla hujaliuliza: je, akiwa na krediti nyingi hatapoteza ufadhili wa wanaoanza chuo? Katika mfumo wa vyuo vikuu vya umma vya North Carolina, mhitimu wa shule hizi anayekwenda moja kwa moja baada ya sekondari anaweza kuomba kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, hata akiwa na krediti 60. Hilo ni muhimu, maana fedha za ufadhili kwa wanaoanza huwa nyingi kuliko za wanaohamia. Ila asiandikishwe chuo kingine katikati, akapoteza nafasi hiyo. Vyuo binafsi na vya majimbo mengine vina taratibu zao, na baadhi havipokei krediti zilizopatikana sekondari.

Siku ya mkutano wa shule, baada ya kusikiliza sifa zote, inua mkono uulize mambo haya kwa mpangilio huu. Mwaka jana, ni wahitimu wangapi walimaliza kalkulasi ya pili kabla ya kuondoka? Wangapi waliingia uhandisi wa miaka minne, na vyuo gani? Somo la hesabu huchukua muhula au mwaka? Fizikia inayofundishwa ni ile ya kalkulasi au ya aljebra? Mtoto akifeli somo la chuo nani anaona kwanza, na anafanya nini? Atakayejibu hilo la kwanza kwa namba, bila kutafuta maneno, ni mtu anayejua shule yake inakwenda wapi. Akikujibu kwa jumla ya krediti tu, hiyo inaweza kuwa shule nzuri ya kupata digrii, lakini njia ya uhandisi mtalazimika kuipanga wenyewe, na hilo linawezekana mkiwa na ile orodha ya hatua tisa.

Kwa maoni yangu, kama yeye mwenyewe anataka, mjazie fomu. Maombi hufanyika katikati ya mwaka wa darasa la nane, kwa hiyo msingoje. Fomu huomba matokeo, maneno ya mwalimu na mara nyingi insha fupi ya mtoto. Insha aiandike mwenyewe, kwa Kiingereza alichonacho.

Na kama bahati nasibu itamkataa, kuna mpango wa jimbo unaoitwa Career and College Promise unaomruhusu mwanafunzi wa sekondari yoyote ya umma anayetimiza masharti kusoma masomo ya chuo cha jamii bila karo, kwa kawaida kuanzia darasa la kumi na moja, na njia ya uhandisi imo. Hapo naye anaweza kufika MAT 271 kabla ya kuhitimu, ilimradi Math 3 iwe imekwisha. Mwambieni mshauri mapema, darasa la kumi, ili nafasi yake ya MAT 171 iombwe kabla ratiba ya mwaka unaofuata haijafungwa.